Ugonjwa Hauanzi Siku Unapotangazwa

Msomaji wetu wa Visiwani, anayenunua kitoweo chake Darajani, Chake Chake au Wete, ana haki ya kutuuliza: Mbalizi inanihusu nini mimi? Mbalizi ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini, mbali kabisa na bahari. Lakini mji huo umekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita katikati yake. Njia moja huchepuka kuelekea Mkwajuni na Makongolosi, na nyingine hupanda milima ya Umalila kuelekea Shigamba. Reli ya TAZARA iko jirani, na tangu mwaka 2012 ndege hutua katika Uwanja wa Songwe, si mbali na hapo. Mahali kama hapo hukutana dereva wa lori, mfugaji, mchinjaji na mchuuzi. Maradhi nayo hukutana hapo, tena hayakati tikiti.

Leo tunaandika juu ya utafiti wa virusi vinavyowapata binadamu na wanyama. Tumeichagua pembe hiyo ya nchi kwa sababu utafiti uliofanyika mkoani Mbeya umetoa fundisho ambalo kila mwananchi na kila kiongozi, wa Bara na wa Visiwani, hana budi kulijua. Fundisho lenyewe ni hili: ugonjwa hauanzi siku unapotangazwa. Unaweza kuishi na watu kwa miaka, ukala nao na kulala nao, pasiwe na mtu hata mmoja anayeujua jina. Kwa hiyo ukimya si ushahidi wa afya, na nchi inayongoja mpaka maiti zihesabike ndipo ianze kutafuta imekwisha kuchelewa.

KOVU LISILOONEKANA

Kwanza tukumbushane virusi ni nini. Ni vimelea vidogo mno, vidogo kuliko bakteria, na darubini ya kawaida haiwezi kuvionesha. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kiingie ndani ya chembe hai ya mtu, ya mnyama au ya mdudu, kisha kiigeuze chembe hiyo kuwa kiwanda chake. Viko virusi vinavyochagua mwenyeji mmoja tu. Vingine si wachaguzi: hutoka kwa popo, nyani, mbwa au ng'ombe na kumwingia binadamu. Wataalamu wanakadiria kuwa kiasi cha asilimia 60 ya magonjwa ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yana asili yake kwa wanyama. Virusi vya ukimwi vilitoka kwa sokwe wa Afrika ya Kati, vikavuka kwa mtu mapema katika karne ya ishirini, miongo mingi kabla ya madaktari kuuandika ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Surua inayowapata watoto wetu ni jamaa wa karibu wa sotoka, ugonjwa uliokuwa ukifyeka ng'ombe.

Mwili ukipigana na virusi ukavishinda, hubaki na alama katika damu ambayo wataalamu huiita kingamwili. Alama hiyo ni kama kovu, ila ni kovu lisiloonekana kwa macho. Mwenyewe anaweza kuwa ameisahau homa ile. Damu yake haijasahau.

Hapo ndipo Mbeya inapoingia. Kwa kuwa mkoa huo uko juu ya njia kuu ya kwenda Zambia na Malawi, uliumizwa mapema na kwa ukali na ukimwi. Tangu miaka ya 1990 umekuwa na shughuli za utafiti zilizokua na kuwa kituo, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani. Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti wake walipita nyumba kwa nyumba, mwaka hadi mwaka, katika maeneo tisa ya mkoa kama ulivyokuwa wakati ule, kabla ya Mkoa wa Songwe kumegwa mwaka 2016. Watu wapatao 18,000 walishiriki. Waliulizwa habari za maisha yao, wakapimwa, wakatoa damu. Kusudi kubwa lilikuwa kuujua ukimwi na magonjwa yanayoandamana nao. Damu iliyobaki haikumwagwa. Iliwekwa katika majokofu yenye baridi kali.

Baadaye watafiti waliirudia damu hiyo wakiwa na swali jingine. Walichukua sampuli 1,228 wakazipima kutafuta alama za homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo ambao unaweza kumwua binadamu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Kwa jumla, watu 5 katika kila 100 walikuwa na kovu hilo. Lakini kule Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, penye joto, mpunga na ng'ombe, waliokuwa nalo walizidi 29 katika kila 100.

Tunamwomba msomaji asimame hapo kidogo. Watu karibu 3 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kupatwa na ugonjwa ambao taifa lilipouzungumzia lilizitaja zaidi Dodoma, Morogoro na Arusha. Inawezekana kabisa kuwa baadhi yao waliugua homa wakapewa dawa ya malaria, wakapona, wakarudi shambani. Wengine pengine hawakuhisi kitu. Mwaka 2014 yalitoka matokeo mengine kutoka katika sampuli za utafiti ule ule: kati ya watu 1,215 waliopimwa, asilimia 18 walikuwa na alama za virusi vya chikungunya au vya jamii yake. Virusi viwili, mkoa mmoja, na mbiu haikupigwa.

MBU, ZIZI NA KISU

Homa ya Bonde la Ufa si ngeni Afrika ya Mashariki. Iligunduliwa mwaka 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wana-kondoo walipokufa kwa wingi. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham waliueleza ugonjwa huo mwaka 1931. Wakati huo huo wachungaji waliokuwa wakiwahudumia kondoo, na watu waliokuwa wakizishika sampuli maabarani, walishikwa na homa. Basi tangu siku ya kwanza ugonjwa huu ulijitambulisha kuwa hauujui mpaka kati ya zizi na nyumba.

Namna unavyoishi ni jambo la kustaajabisha. Kuna mbu wanaotaga mayai katika udongo wa mabonde na mbuga zinazotuama maji wakati wa masika. Virusi vinaweza kukaa ndani ya mayai hayo. Kiangazi kikija, ardhi hukauka na mayai hulala, pengine kwa miaka. Ikinyesha mvua isiyo ya kawaida, mabonde hufurika, mayai huanguliwa, na mbu hutoka wakiwa tayari na virusi. Huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ndama na wana-kondoo hufa, na wanyama wenye mimba huzitupa, zizi zima kwa pamoja. Kisha mbu wa aina nyingine hufyonza damu ya wanyama hao na kuusambaza ugonjwa mbali zaidi.

Binadamu anaweza kuumwa na mbu, lakini mara nyingi hujipatia ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe: anapomzalisha mnyama, anapookota kitoto kilichotupwa, anapochinja, anapochuna, anapokatakata nyama mbichi. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili kwa siku chache tu. Wachache huharibikiwa macho, wengine ugonjwa hupanda ubongoni, na wengine hutokwa na damu. Katika hao wa mwisho vifo ni vingi. Mpaka sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya watu wote. Chanjo ya mifugo ipo.

Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006 zilionesha gharama yake. Ugonjwa ulianzia kaskazini mashariki mwa Kenya, ukaingia Tanzania. Kati ya Januari na Juni 2007 waliandikwa wagonjwa 309 katika mikoa 10 ya nchi yetu, na 144 kati yao wakafa. Mifugo iliyokufa ilikadiriwa kuwa ng'ombe karibu 17,000, na mbuzi na kondoo zaidi ya 33,000, mbali na mimba zilizotupwa. Kwa mfugaji, hesabu hiyo ni ada za skuli, ni mahari, ni chakula cha mwaka.

Linalouma zaidi ni kwamba dalili zilikuwapo. Tangu Septemba 2006 wataalamu waliokuwa wakitazama joto la Bahari ya Hindi na uoto wa nchi kavu kwa setilaiti walikuwa wakitoa tahadhari kwamba Afrika ya Mashariki iko hatarini. Tahadhari ilitangulia mbele ya ugonjwa. Chanjo ya mifugo ikafuata nyuma yake. Katika shughuli ya maradhi, anayefuata nyuma kazi yake ni kuzika.

BAHARI SI UKUTA

Tunarudi sasa kwa msomaji wetu wa Visiwani. Yuko atakayesema kuwa hayo ni ya Bara, na kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia bahari. Ni kweli kuwa bahari ni kinga, lakini ni kinga yenye milango mingi, na milango hiyo ni majahazi, mashua na bandari bubu. Sehemu ya ng'ombe na mbuzi wanaochinjwa Unguja na Pemba hutoka Bara. Mnyama aliyepita masoko matatu kabla ya kufika ufukweni amebeba historia ya masoko yote matatu.

Jirani zetu Wakomoro wameyaona hayo. Mwaka 2007, mara baada ya mlipuko wa Kenya na Tanzania, aligunduliwa huko Mayotte mgonjwa wa homa ya Bonde la Ufa aliyetoka Komoro. Virusi vilivyopatikana katika visiwa hivyo vilipochunguzwa vilionekana kufanana sana na vile vya mlipuko wa nchi zetu, na wataalamu wakaona kuwa njia inayoelekea zaidi ni biashara ya mifugo kutoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 na 2019 Mayotte ilipata mlipuko mwingine, na zaidi ya watu mia moja wakaugua. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Wala hatuna haja ya kwenda hadi Komoro. Pemba ina mfano wake, na ni mfano wa heshima. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi ambao ukishaonesha dalili kwa binadamu hauna tiba. Mwaka 2010 zilianza kampeni za kuwachanja mbwa kwa wingi kisiwani humo, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ulirejea. Watafiti walifuatilia mbwa mmoja baada ya mwingine, nani kamwuma nani, na wakasoma vinasaba vya virusi vyenyewe. Vinasaba vikasema wazi kwamba ugonjwa huo haukuwa umejificha Pemba. Ulikuwa umeletwa upya kutoka Bara. Chanjo ikarudiwa kwa bidii, na kufikia mwaka 2018 ukaondolewa kwa mara ya pili.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza, kisiwa kinaweza kujisafisha. Zipo nchi kubwa na tajiri zilizohangaika na kichaa cha mbwa kwa miaka mingi; Pemba imekiondoa mara mbili. La pili, kisiwa hakiwezi kubaki safi ikiwa upande wa pili wa mkondo ugonjwa unaachwa uendelee. Kinga ya Pemba huanzia katika mbwa wa Tanga, Pwani na Mtwara, kama vile usalama wa nyama ya Unguja unavyoanzia katika mazizi na masoko ya mifugo ya Bara.

Visiwa hivi havikuwa nyuma katika kuyatambua maradhi. Katika karne ya kumi na tisa Zanzibar ilipatwa na homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo, mwaka 1823 na tena mwaka 1870. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, aliliandika jina hilo, na wako wataalamu wanaoamini kuwa ndilo chimbuko la neno dengi linalotumiwa ulimwenguni leo. Wengine wanaona kuwa homa ile hasa ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliokuja kutambuliwa rasmi katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, nao ukapewa jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Kwa hiyo watu wetu walikuwa wakiyaona maradhi na kuyapa majina wakati maabara hazijakuwapo. Jicho la mwananchi ndicho chombo cha kwanza cha utafiti.

KWA NINI WATU HUNYAMAZA

Kama jicho la mwananchi ni chombo, mbona halisemi linachokiona? Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imeweka wajibu wa kutoa taarifa. Hata hivyo, sheria haimlishi mtu. Tujiweke katika nafasi ya mfugaji ambaye asubuhi amekuta mbuzi wake wanne wametupa mimba. Akimwita afisa mifugo, huenda soko likafungwa na mifugo ikazuiliwa isitoke. Akinyamaza, anaweza kuwauza wale waliobaki kabla jambo halijajulikana. Mchinjaji naye anakumbuka mwaka 2007, wananchi walipoogopa nyama na mabucha yakakosa wanunuzi. Anajua kwamba neno moja likivuma redioni anaweza kufunga duka kwa miezi.

Hatuandiki haya kuwatetea wanaoficha. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho huwa cha kijiji kizima. Lakini ni uonevu kumlaumu mfugaji peke yake ikiwa tumemwekea mambo kwa namna ambayo mkweli hupata hasara na mficha siri hupata faida. Na wengi walioziogopa bucha waliogopa mahali pasipo: nyama iliyopikwa ikaiva haiambukizi homa hii, wala maziwa yaliyochemshwa. Hatari iko katika damu na maji ya mnyama mgonjwa, na katika kisu cha mtu asiye na glavu. Laiti elimu hiyo ingefika mapema, mabucha yangeepuka hasara na wachinjaji wangeepuka ugonjwa.

Viongozi nao huingia katika mtego huo huo. Wanahofia watalii, wanahofia masoko ya nje, wanahofia kuambiwa kuwa wilaya yao ni chafu. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Jibu la kwanza la serikali lilikuwa kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonesha virusi hivyo. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alisimama mbele ya Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo na kutangaza kuwa ugonjwa umethibitishwa. Watu 10 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na wote walikufa. Mlipuko ukatangazwa kumalizika mwezi Machi. Tunakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonesha kwamba kusema kweli kunawezekana, kwamba kusema kweli hakuiangushi nchi, na kwamba kila siku inayotangulia neno hilo ina thamani kubwa.

KAZI ILIYO MBELE

Sasa tunapenda kuwaeleza viongozi wetu wa pande zote mbili yale tunayoyaona kuwa ya lazima.

Jambo la kwanza ni kuunganisha macho. Daktari wa watu hutazama watu, daktari wa mifugo hutazama mifugo, bwana nyamapori hutazama nyamapori, na virusi hupita katikati yao wote. Jitihada zimekwisha anza. Tangu mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzake wa Marekani, kimekuwa kikiendesha kandokando ya Ruaha, mkoani Iringa, mradi unaowachunguza kwa pamoja watu, mifugo na wanyama wa porini wanaotumia maji yale yale. Ofisi ya Waziri Mkuu nayo ina dawati la kuratibu kile kinachoitwa Afya Moja. Tunasifu. Lakini afya na mifugo si mambo ya Muungano; kila upande una wizara zake. Tunaomba kuwe na njia ya kudumu ya kupashana habari kati ya wizara hizo, ili ng'ombe wakianza kutupa mimba katika wilaya ya Bara, ofisa wa bandari ya Malindi au Mkoani apate habari kabla ya shehena ijayo kushushwa.

Jambo la pili ni kumrudishia mwananchi matokeo ya damu yake. Wale watu wa Mbeya walitoa mikono yao wakachomwa sindano mwaka baada ya mwaka. Kilichojulikana kutokana na damu yao kimeandikwa katika majarida ya kitaalamu, kwa lugha ya kigeni. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. Sayansi ina soko lake. Tunasema haitoshi. Mchinjaji wa Mbalizi, mama mkamuaji wa Kyela na mganga wa zahanati wanapaswa kuyasikia matokeo hayo kwa Kiswahili chepesi: kwamba si kila homa ni malaria, kwamba mimba zikitupwa zizini usishike kwa mikono mitupu, kwamba maziwa yachemshwe na nyama iive. Maneno hayo yanatosha katika karatasi moja.

Jambo la tatu ni fidia na heshima kwa mkweli. Mfugaji anayetoa taarifa asionekane kuwa mkosaji. Kama mnyama wake anazuiliwa kwa faida ya taifa, ni haki taifa likashiriki katika hasara yake, hata kama ni kwa kiasi kidogo. Fedha hizo tutaziona kuwa nyingi mpaka siku tutakapozilinganisha na gharama za mwaka 2007.

Jambo la nne ni kujitegemea. Majokofu yanayohifadhi damu na vifaa vinavyosoma vinasaba vimenunuliwa kwa sehemu kubwa na wafadhili. Tunawashukuru. Lakini mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikaona jinsi huduma zinavyoweza kusimama usiku mmoja. Sampuli ikishayeyuka haigandi tena ikawa kama ilivyokuwa. Taifa lililojifunza maana ya kujitegemea mwaka 1967 lisikubali kumbukumbu ya damu ya watu wake itegemee bajeti ya bunge la nchi nyingine. Kituo cha Mbeya, maabara ya mifugo ya Iringa, na kwa Visiwani Maabara ya Afya ya Jamii ya Pemba iliyofunguliwa mwaka 2000, zipewe fungu la kudumu, lisilokatwa mwaka ambao hakuna ugonjwa. Mwaka usio na ugonjwa ndio mwaka wa kufanya kazi hiyo.

Wako watakaotuambia kuwa hayo ni mengi kwa nchi maskini. Tunawajibu kwa habari ya sotoka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo ulipita Afrika ya Mashariki ukielekea kusini, ukamaliza ng'ombe katika nchi nzima nzima na kuleta njaa kubwa kwa wafugaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maabara ya Muguga nchini Kenya, iliyokuwa ikizihudumia nchi zetu za Afrika ya Mashariki kwa pamoja, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo imara. Madaktari wa mifugo waliichukua mpaka vijijini, na wafugaji wenyewe wakawa ndio watoaji wa habari za ng'ombe walioshukiwa. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kuwa sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa duniani, baada ya ndui. Sehemu kubwa ya ushindi huo ilipatikana hapa hapa kwetu, kwa maabara ya pamoja, chanjo, na mfugaji aliyesema alichokiona.

Mvua kubwa zitakuja tena. Hilo halina shaka. Mayai ya mbu yamelala katika udongo wa mabonde yetu yakizisubiri. Tunawaomba viongozi wetu wasisubiri nazo. Waagize chanjo mbingu zikiwa kavu, wawape wachinjaji glavu na maarifa kabla ya msimu, na wahakikishe kuwa mtu wa kwanza kusema "hapa pana ugonjwa" hapati hasara kwa kusema kwake.